Kibarua na Siku Yake: Tulichokisahau Kilindini



Tunapopanga mafunzo na vyeo, huanza na mahitaji ya ofisi. Mimi naomba tuanze na neno kibarua. Asili yake ni barua ndogo, kijikaratasi cha kuthibitisha kuwa mtu amefanya kazi siku hiyo. Baadaye jina la karatasi likamshika mtu mwenyewe.

Miaka ya 1930 bandari ya Kilindini, hapa Mombasa, iliendeshwa na watu hao. Leo kibarua anabeba magunia melini, kesho yuko shambani kwake Likoni, au ana msiba mtaani, haji. Wakubwa walimwita mvivu. Lakini hesabu yake ilikuwa sawa: ujira wa kutwa ulizidi wa mwajiriwa wa mwezi ukiugawa kwa siku, na yule wa mwezi siku zake zote zilikuwa za tajiri. Tukumbuke pia kwamba utumwa ulikomeshwa kisheria pwani hii mwaka 1907. Mtu ambaye babake aliamrishwa alfajiri mpaka magharibi hakuwa akichezea kazi aliposema kesho siji.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma mjini humu, wa mwezi kwa vibarua, wakakutana uwanja wa Kiembeni, Majengo. Walidai mishahara, na walilalamikia kudharauliwa. Hilo la pili ndilo tunalolipita haraka.

Baadaye serikali na makampuni wakataka kuung'oa ukibarua kwa daftari: kibarua aandikishwe, atimize idadi ya zamu, ama jina lake lifutwe. Nionavyo mimi, daftari liliwaleta watu langoni tu. Kilichowafanya waitake kazi yenyewe ni mshahara wa kulisha nyumba na chama cha kuwasemea. Mgomo wa bandari wa 1955, ambao Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliusuluhisha, ulileta nyongeza ya mshahara ya asilimia 33.

Nimeyaleta haya kwa sababu kosa lile la wakubwa wa bandari nimelifanya mwenyewe. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi kisiwani hapa, binti mmoja wa Mji wa Kale alikataa cheo cha Nairobi. Kwenye fomu yake nikaandika: hana hamu ya kujiendeleza. Sikumuuliza kitu. Mamake alikuwa mgonjwa, naye kila adhuhuri alikimbia nyumbani kumlisha, akarudi mbio kabla saa ya chakula haijaisha. Kazi ya forodha aliijua kutushinda sote, na kila kijana aliyeajiriwa alifundishwa naye, bila cheo wala senti ya ziada. Mwaka uliofuata aliacha kazi. Tulikuwa na uwezo wa kumfanya mkufunzi hapa hapa Mombasa, na hakuna aliyelifikiria.

Sasa, kabla ya kumpangia mtu mafunzo, namwita tukae, namuuliza: katika maisha yako, ni kitu gani hutaki kazi hii ikuondolee? Jibu lake naliandika juu kabisa ya fomu, kwa maneno yake mwenyewe.