Unadai vyama vingi, nyumbani kwako chama kimoja!

(Haya ni mazungumzo na vijana wa Nyakisasa, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Tunayachapa kama yalivyotolewa, kwani yanawahusu pia vijana wa mijini.)

 

Najua mlitegemea nianze na chama tawala. Nitakifikia, msiwe na wasiwasi. Lakini jana usiku nilipita kwenye kibanda cha video, nikakuta vijana mmebanana kwenye mabenchi, jasho linawatoka, mnabishana kuhusu tamthilia ya Kizungu. Huyu anasema muuaji ni jirani, yule anasema ni mume. Nikasema basi, kesho naanza na hiyo hiyo.

Tamthilia yenyewe ni Desperate Housewives. Ilianza kuonyeshwa na kituo cha ABC cha Marekani mwaka 2004, ikaisha mwaka 2012 baada ya misimu minane na vipande 180. Wenzetu wa Nigeria, kituo cha EbonyLife, walitengeneza toleo lao la Kiafrika mwaka 2015. Si jambo dogo, dunia nzima imelitazama.

Inaanzaje? Mama mmoja, Mary Alice Young, ana mume, ana mtoto, ana nyumba inayong'aa na maua mbele ya mlango. Siku hiyo anafanya kazi zake zote za nyumbani kama kawaida. Akishamaliza, anajiua. Marafiki zake, waliokuwa wakiketi naye kila mara, wanabaki midomo wazi. Wanapopanga vitu vyake wanakuta barua ya vitisho: kuna mtu anajua alichofanya. Kuanzia hapo marehemu mwenyewe ndiye anayetusimulia, huku siri ikichimbuliwa kidogo kidogo.

Ninyi mnauliza nani kaandika barua na nani kazikwa chini ya bwawa la kuogelea. Hayo ni maswali ya makachero. Mimi nauliza lingine: ilikuwaje mtaa mzima wasijue kwamba mama yule anaungua? Na tazameni wenzake. Lynette aliacha kazi kubwa akalee watoto, anachoka mpaka anakula vidonge vya wanawe. Bree anapika, anapanga meza, anatabasamu, huku ndoa yake inabomoka. Gabrielle anabadilishiwa vidonge vya uzazi wa mpango na mumewe mwenyewe, kwa siri, kwa kuwa bwana mkubwa ameshaamua kwamba mtoto azaliwe! Nyumba zote zimepakwa rangi, majani yamefyekwa vizuri, na ndani kila mwanamke ana vita vyake.

Sasa sikilizeni mwanzo wa hadithi hiyo. Mwaka 2001 mama mmoja wa Texas, Andrea Yates, aliwazamisha majini watoto wake watano. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba alikuwa amepatwa na wazimu. Mtunzi wa tamthilia, Marc Cherry, amesimulia kwamba habari za kesi hiyo zilipokuwa kwenye televisheni alikuwa ameketi na mama yake mzazi. Akashangaa, mwanamke anawezaje kufikishwa hapo? Mama akamjibu kwamba naye aliwahi kufika kwenye kukata tamaa kama huko. Mtu mzima, kalelewa na mama huyo, na hakuwa amejua.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Hata wasanii wetu hapa Tanzania walipotengeneza tamthilia ya mambo ya ndoa na familia mwaka 2012, waliiita Siri ya Mtungi.

Nikiri na la kwangu. Usiku mmoja nilirudi kutoka mkutanoni, sauti imenikauka, nimehubiri demokrasia na uwazi tangu mchana. Nikamwambia mke wangu anipashie chakula, kisha nikamweleza kwamba ile akiba tuliyoweka nimeshaitumia. Akanitazama, akasema: "Baba, na humu ndani uchaguzi lini?" Ndugu zangu, nimewahi kuzomewa na wapambe wa vigogo, sikuumia. Usiku ule niliumia.

Kwani chama kimoja ni nini? Ni mtu mmoja kushika hazina bila kukaguliwa. Ni mtu mmoja kuamua, wengine kupiga makofi. Anayehoji anaitwa msaliti. Haya, nenda nyumba ya pili hapa kijijini, au chumba cha kupanga kule Manzese, uniambie kama hukuvikuta vyote vitatu. Mama anapalilia kahawa, anachuma, anaanika. Siku ya malipo anayeonekana ni baba, na fedha zinaishia kwenye pombe ya ndizi. Mama akificha vijisenti kwenye kopo la unga ili anunue daftari la mtoto, anaitwa mwizi.

Najua majibu yenu. La kwanza ni kwamba hiyo ni mila. Vizuri, twendeni Muleba, humu humu mkoani Kagera. Mama mmoja, Holaria Pastory, alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Uzeeni, akiwa hana wa kumtunza, Agosti 1988 aliliuza kwa Sh 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akakimbilia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha: mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo! Na mahakama ikampa ushindi mpwa, kwa sababu kanuni za mila za Kihaya zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilisema hivyo hivyo. Mwanamume auze, mwanamke ale matunda tu mpaka afe.

Mahakama ya Wilaya ikatengua. Kesi ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akasema wazi: kanuni hiyo inawabagua wanawake, inapingana na Haki za Binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, basi haki ya mwanamke kuuza iwe sawa na ya mwanamume. Tambueni tarehe hiyo, wanamageuzi. Miaka miwili kabla ya vyama vingi kuruhusiwa, bibi kizee wa Kagera alikuwa ameshaitumia Katiba kuangusha amri kandamizi. Sisi tulikuwa bado tunanong'ona vijiweni.

Jibu lenu la pili: lakini wanawake wenyewe wanakubali! Kweli, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta wanawake 58 katika kila 100 wakisema zipo sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe. Wanaume waliosema hivyo walikuwa 40. Mtapiga makofi? Subirini. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipita nchi nzima kuuliza watu wanataka chama kimoja au vingi. Karibu asilimia 80 walijibu kimoja. Vigogo wakafurahi: mnaona, wananchi wenyewe wameridhika! Tume ikapendekeza vyama vingi. Nasi tunasema hadi leo kwamba ilifanya sawa, kwa kuwa mtu aliyeishi chini ya mfumo mmoja miaka yote, jibu lake ni kipimo cha mfumo huo. Basi huwezi kuikubali hoja hiyo jukwaani halafu ukaikataa ukifika mlangoni kwako.

Na Nyalali huyo huyo, mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, aliongoza Mahakama ya Rufani kuamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea, ni jasho linalohesabika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, nayo inasema hakuna mwenye ndoa aliye na haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Mwenye ngumi nyepesi hana pa kujifichia.

Sasa nakifikia chama tawala, kama nilivyoahidi. Sheria hiyo hiyo ya 1971 iliacha mlango wa binti kuozwa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hata 14 kwa kibali cha mahakama. Rebeca Gyumi akaenda mahakamani, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikafanya nini? Ikakata rufaa! Fedha za walalahoi zikatumika kutetea ndoa za watoto, mpaka Mahakama ya Rufani ilipoitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Tuwaseme kwa hilo bila haya. Lakini atakayewasema awe na mikono safi.

Ninawaomba mambo matatu. Kwanza, fedha za kahawa na maharage zihesabiwe mezani, mama akiwepo. Ninyi mnaotuma fedha kutoka Kahama, Mwanza na Dar, mtumieni mama mwenyewe na mumwulize ana shida gani. Pili, shamba likiandikwa, majina yawe mawili. Tatu, ukisikia jirani anapigwa usiongeze sauti ya redio. Bisha hodi, mwite mwenyekiti wa kitongoji, msindikize mama hadi dawati la jinsia polisi. Kule Marekani majirani walianza kuuliza maswali baada ya mazishi.

Leo usiku mtarudi kwenye kibanda kutafuta muuaji. Nendeni, starehe si dhambi. Ila mkitoka, kabla hamjalala, kila mmoja amwulize mama yake au mke wake swali ambalo hajawahi kumwuliza: wewe umebeba nini? Kisha ufunge mdomo, usikilize mpaka amalize.