Maradhi ya Mche Uliomo Koponi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya walimu na wazee waliokusanyika Chemchem, Tabora)

Nimeombwa niseme habari za miche tuioteshayo katika makopo na viriba, ambayo huanza vizuri, kisha hunyauka kabla mvua hazijafika. Mimi si bwana shamba; ni karani, na kazi yangu ni kalamu na majalada. Lakini haya nitakayoyasema nimeyapata kwa hasara yangu mwenyewe.

Miaka minne iliyopita nalipanda kokwa 30 za maembe katika makopo ya maziwa na ya rangi, nikayapanga kando ya ukuta nyuma ya nyumba. Zikaota 26. Kila jioni nitokapo kazini nalikuwa nikiinywesha miche ile mpaka kopo lijae. Baada ya miezi miwili majani yakageuka manjano, yakalegea, na miche ikaanza kufa mmoja mmoja. Nami nikazidi kuinywesha, maana nalidhani ina kiu. Basi kulikuwa na bibi mmoja jirani yetu, mjane, ambaye kila asubuhi alipita njia ile, akasimama kuitazama miche na kuisifu. Mtu mmoja wa nyumbani mwangu akasema, "Jicho la yule bibi ndilo liiualo." Naona haya kukiri kwamba mimi, niliyelelewa katika shule ya misheni, nalilikubali nusu ya neno lile. Nikaacha kumpa shikamoo. Nanyi mwajua, katika nchi yetu hii, neno la namna ile laweza kumfikisha wapi mwanamke mzee asiye na mume.

Siku moja nikaung'oa mche uliokwisha kufa ili kopo lipate kazi nyingine. Udongo ulinuka kama tope la kinamasi, na mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, ikikatika mkononi. Nikaligeuza kopo chini juu: halikuwa na tundu hata moja. Mizizi nayo yataka hewa; ikizama majini siku nyingi huoza, na ikioza haiwezi tena kunyonya maji. Ndiyo sababu jani hulegea kama lenye kiu, hali udongo umelowa. Mwuaji alikuwa mimi. Siku ile ile nikaenda kwa yule bibi kumwomba radhi. Akacheka sana, akasema kwamba yeye aliona zamani kuwa makopo yale hayatoi maji, ila alidhani karani ana elimu yake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni nani, tutie kidole katika udongo mpaka kiungo cha pili. Ukiwa umelowa na jani limelegea, acha maji, toboa makopo kwa msumari, matundu matano au sita, ukaweke mche kivulini. Kama mizizi imekwisha kuoza, kata iliyo laini kwa kisu safi, ubadili udongo: fungu la udongo wa juu, fungu la mchanga, na fungu la samadi iliyokwisha kuoza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Wengi wameua miche kwa ukarimu huo. Lakini udongo ukiwa mkavu, umejitenga na ukuta wa kopo, na maji yakitiwa yapita pembeni na kutoka chini upesi, hapo ni kiu ya kweli. Kutia maji juu hakutafaa. Lizamishe kopo lenye matundu katika ndoo mpaka viputo viishe, kisha ulitoe lichuruzike.

Manjano nayo si ya namna moja. Yakianza katika majani ya chini yaliyo ya zamani, na udongo una unyevu wa kadiri, mche una njaa, yafaa upewe samadi kidogo. Yakianza katika majani machanga ya juu, na mishipa ya jani imebaki kijani, huenda udongo umezidi jivu. Acha kutia jivu.

Tena si kila badiliko ni ugonjwa. Jani jipya la mwembe hutoka jekundu kama shaba na kuning'inia kama lililokufa. Mwalimu mmoja aliing'oa miche yake kwa sababu hiyo, nayo ilikuwa mizima kabisa.

Katika michungwa na milimau, tazama kama sisimizi wapanda na kushuka. Wao hawali mche. Wafuata maji matamu yatolewayo na vidukari na wadudu wa magamba walio chini ya jani, na juu ya utamu huo huota ukungu mweusi kama masizi. Osha majani kwa maji yenye sabuni kidogo ya kufulia, jioni, ukarudie baada ya wiki. Uonapo juu ya jani kitu kama kinyesi cha ndege, kiguse kwa kijiti: mara nyingi ni kiwavi wa kipepeo, naye aweza kuumaliza mche mdogo kwa siku chache. Mwondoe kwa mkono.

Kila mmea una kwao. Lile ua dogo la zambarau lijulikanalo Ulaya na Marekani kama Saintpaulia, liwekwalo madirishani katika vyungu, ni la milima yetu ya Usambara; jina lilitoka kwa Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyepeleka mbegu zake Ujerumani katika miaka ya 1890. Kwao ni kivulini penye miamba na unyevu. Ukiliweka katika jua la Tabora la mwezi wa Septemba majani huungua. Mwembe, wenye asili ya Bara Hindi, wapenda jua, lakini mzizi wake mkuu hushuka sana. Miembe mikubwa ya Kwihara na ya kando ya njia ya zamani ya misafara imezamisha mizizi chini mbali. Katika kopo mzizi huo hujizungusha kama kamba, na mti huja kuwa dhaifu. Usiuache humo kupita mwaka.

Wala tusivunjike moyo kwa vifo. Mwaka 1893 Dr. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62 tu, nayo ndiyo iliyozaa mashamba ya mkonge ya nchi hii.

Wiki mbili tatu kabla ya mvua za Novemba, izoeze miche jua kidogo kidogo. Mvua ikishika, pasua kopo, nyosha mizizi iliyojizungusha, panda, ukatandaze nyasi bila kuzigusisha na shina, kwa ajili ya mchwa.

Katika miche yangu ilipona minne. Miwili iko uani kwangu, na miwili nalimpelekea yule bibi. Mmoja wa kwake umekwisha kunipita kwa kimo. Ya kwangu bado yanifika kifuani.