Mpira Usisogezwe kwa Mguu
(Mazungumzo na wachezaji wa gofu, Kiganjo)

Ndugu zangu, ninyi mnaocheza pale Thika kila Jumamosi mnajuana. Tangu 2019 kutafuta mpira ni dakika 3, si 5 tena. Hilo mwenye saa alisimamie. Na mkipatana kupuuza sheria mnayoijua, mashindanoni nyote mnatolewa, si mmoja.

Lakini linaloniuma ni kumkonyeza kedi ausogeze mpira nyasini. Kwa sheria, kosa lake ni adhabu yako. Haya, mkigombana, nani atakosa kazi wiki ijayo? Si wewe mwenye mfuko! Ni huyo kijana, na nyumbani wanangoja unga.

Basi ukimwona mwenzako anainama, mwite kando pale pale, kabla hajapiga. Usingoje chai mkamsema hayupo.