MTOTO ANAYECHELEWA KUSEMA
(Maneno yaliyosomwa na mwanachama mmoja wa genge la njia mbele ya mkutano wa tawi, Nakuru)



Najua mmekuja kusikia habari za mishahara na nyumba, na Bwana Katibu atazisema baadaye. Mimi nimeombwa niseme juu ya jambo lililonipata nyumbani kwangu, kwa sababu ndugu wawili watatu wameniuliza pembeni, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini kana kwamba ni jambo la aibu. Si la aibu hata kidogo. Basi nimeona afadhali nilisema hadharani mara moja.

Mimi si daktari. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, na kazi yangu mwaijua: kubadilisha mataruma na kushindilia kokoto chini ya reli. Haya nitakayosema nimeyapata kwa wauguzi, na kwa mama mmoja aliyesomea kazi ya kuwasaidia watoto wasiosema vizuri. Mengine nimeyapata kwa kukosea.

Mtoto wetu wa pili ni mvulana. Alipotimiza miaka 2 na nusu alikuwa na maneno manne tu: "mama", na "maa" maana yake maji, na "bwe" maana yake mbwa, na "tuu" maana yake gari moshi. "Baba" hakulisema. Genge letu hulala njiani siku nyingi, na nyumbani nafika siku mbili kwa juma. Kila nikifika namkuta vile vile. Basi nikawa namketisha mbele yangu namwambia, "Sema baba. Sema baba." Asiposema napaza sauti. Mtoto akaanza kunikimbia. Akisikia buti zangu mlangoni hujificha nyuma ya mama yake. Nilidhani ni ukaidi. Nikamlaumu mama yake kwamba hamsemeshi, naye akanyamaza, kwa maana watu wote wa ploti walikuwa wamekwisha mlaumu kabla yangu.

Shauri zilikuja nyingi. Mama yangu mzazi alisema kwa simu kwamba mtoto ana kimeo kirefu, apelekwe akakatwe. Jirani alisema tunamchanganya kwa lugha, kwa kuwa mimi ni Mjaluo, mke wangu ni Mluhya, na nyumbani twasema Kiswahili. Watoto wa ploti wakaanza kumwita bubu. Na kliniki moja tulipouliza, wakati huo akiwa na miaka 2 kamili, tuliambiwa, "Wavulana huchelewa, ngojeni." Tukangoja miezi sita. Hiyo miezi sita ingali inaniuma.

Aliyegundua jambo ni dada yake wa darasa la tatu. Aliniambia hivi: "Baba, ukimwita amekupa mgongo hageuki. Lakini treni ikipiga honi anageuka." Mimi nilikuwa nimetumia honi ile ile kuwa ushahidi kwamba masikio yake ni mazima! Ndugu zangu, kusikia honi ya treni si kusikia maneno. Honi ni kubwa mno. Neno la mtu ni dogo, na herufi kama s na f na t ni kama upepo tu. Mtoto anaweza kusikia mlango ukipigwa na kishindo cha sufuria, asisikie maneno sawasawa. Na asichokisikia sawasawa atakisemaje?

Tulipompeleka hospitali walimwekea chombo kidogo sikioni, kinasukuma hewa kidogo, hakiumi. Wakaona nyuma ya ngoma ya sikio mna maji mazito, masikio yote mawili. Hakuwa na usaha wala hakulia maumivu, ndiyo sababu hatukujua. Tulielezwa kwamba maji haya huwapata watoto wengi wadogo, mara nyingi baada ya mafua, na kwa wengi hukauka yenyewe katika muda wa miezi mitatu hivi. Yasipokauka daktari aweza kutoboa ngoma na kuweka kijibomba kidogo. Ya mtoto wetu yalikauka. Lakini alikuwa amekwisha poteza wakati wa kusikiliza, na kazi ya kumrudishia ikabaki nyumbani.

Kwa hivyo jambo la kwanza kabisa ninalowaambieni: mtoto akichelewa kusema, apimwe masikio. Hata kama mwaona anasikia.

Juu ya kimeo, nilimwuliza daktari mbele ya mama yangu mzazi, kwa sababu nilijua hataniamini mimi. Alisema kukata kimeo hakumfanyi mtoto aseme, na watoto wametokwa damu nyingi na kupata pepopunda kwa visu vile. Juu ya ule uzi wa chini ya ulimi, alisema ukiwa mfupi sana waweza kumsumbua mtoto kunyonya, na pengine kutamka herufi fulani, lakini haumfanyi mtoto akose maneno. Mama akakubali, ingawa hakufurahi.

Juu ya lugha, jirani alikosea. Watoto wa dunia nyingi hukua na lugha mbili au tatu, na hilo halileti ugonjwa wa kutosema. Ila ukihesabu maneno ya mtoto, hesabu ya lugha zote pamoja. Akisema "pi" kwa Kijaluo na "maji" kwa Kiswahili, hayo ni maneno mawili. Kila mzee na aseme na mtoto kwa lugha anayoijua vizuri kuliko zote, kwa sababu katika hiyo ndimo atakamokuwa na maneno mengi ya kumpa.

Sasa nafika kwenye kazi yenyewe. Yule mama mtaalamu tulimwona mara nne tu. Watu wa kazi yake ni wachache sana nchini, na wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Alituambia wazi kwamba yeye humwona mtoto nusu saa, na sisi tuna siku nzima, basi mwalimu ni sisi. Nilidhani atatupa dawa au vitabu. Alitupa beseni, kikombe na kijiko, vitu vya nyumba yetu wenyewe.

Alinikataza kwanza ile "Sema baba, sema baba." Alisema mtoto akiamrishwa kusema huona kusema ni mtihani, na mtihani hukimbiwa. Badala yake nikae chini sakafuni, uso wangu uwe sawa na uso wake, nitazame yeye anatazama nini, ndipo nikitaje hicho. Akishika kikombe, nami naseme, "Kikombe. Kikombe chekundu." Basi. Si kumwuliza "Hii nini? Hii nini?" kama askari kwenye kizuizi. Kumpa jina la kitu wakati ule ule moyo wake uko kwenye kitu hicho.

Kisha kungoja. Hapa ndipo pagumu kwangu, na nadhani kwenu pia. Unasema neno, halafu unanyamaza, unamtazama, unahesabu moyoni moja mpaka kumi. Sisi watu wazima hatuwezi kustahimili kimya. Tukifika tatu tumekwisha jaza wenyewe. Lakini ninyi ni watu wa reli. Mwajua kwamba penye njia moja treni mbili haziingii pamoja. Moja hungoja stesheni mpaka ya pili ifike. Mimi nilikuwa nikimjazia mtoto njia yote kwa maneno yangu, na lake halikuwa na pa kupita.

Akitoa sauti yoyote, au akionyesha kidole, hilo ni neno, lipokee. Usimnyime maji mpaka atamke "maji" sawasawa. Mke wangu alijaribu hivyo siku mbili, mtoto akalia mpaka akatapika. Mpe, na ukimpa liseme lile neno zuri. Akisema "maa", wewe sema "Maji. Nataka maji." Akisema "maji", ongeza moja: "Maji baridi." Siku zote uwe hatua moja mbele yake, usiwe kumi. Wala usimwambie "si hivyo". Lirudishe neno likiwa limenyooka na uendelee.

Njia nyingine ni kumpa vitu viwili achague. "Ndizi au chapati?" ukivishika vyote mkononi. Nyingine ni kumwimbia wimbo ule ule kila siku na siku moja kusimama kabla ya neno la mwisho. Mke wangu alifanya hivyo wakati wa kumwogesha. Jumanne moja, akiwa na sabuni kichwani, mtoto alilimaliza neno mwenyewe. Mimi sikuwapo, nilikuwa na genge upande wa Molo. Nilipigiwa simu tukila githeri, nikawaambia wenzangu, na wengine wakacheka kwamba mtu mzima analia kwa neno moja la kuoga.

Mengi hayahitaji wakati mpya. Ukimvisha, taja: mkono, mkono mwingine, shati. Ukipika, taja. Dakika kumi kwa siku za kukaa naye sakafuni bila simu zatosha kuanza, kama ni za kila siku. Nikiwa njiani mke wangu aliniweka kwenye simu jioni, nami nikawa nataja kitu kimoja tu alichoshika. Juu ya simu na televisheni za katuni, sisi tulimwachia nyingi ili anyamaze. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku. Kioo husema lakini hakingoji kujibiwa.

Sasa ni lini pa kuondoka nyumbani kwenda kuuliza? Andikeni kama mna kalamu. Mtoto wa mwaka 1 asiyebwabwaja kabisa, wala haonyeshi kwa kidole wala kupunga mkono. Wa mwaka 1 na nusu asiye na neno hata moja. Wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili, kama "mama njoo". Wa miaka 3 ambaye watu wa nje hawamwelewi. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno halafu yakapotea, au asiyegeuka akiitwa jina na asiyetafuta macho ya watu, huyo aende juma hilo hilo. Kitabu cha Mama na Mtoto mnachopewa kliniki kina ukurasa wa hatua za mtoto. Wengi wetu twatazama chanjo tu. Ni kweli wako watoto wanaochelewa na baadaye wakawafikia wenzao bila msaada. Shida ni kwamba ukimtazama mmoja huwezi kujua kama ni wa hao. Mkiambiwa "ngojeni", ulizeni tena mahali pengine. Pia kuna vituo vya Wizara ya Elimu vya kupima watoto, viitwavyo EARC, vilivyoanza mwaka 1984. Ulizeni katika ofisi ya elimu ya kaunti yenu.

Bwana Mwenyekiti, hili la mwisho lahusu chama. Nilipoomba siku moja ya kumpeleka mtoto kupimwa, msimamizi mmoja aliniambia kwamba kutosema si ugonjwa, na watoto ni kazi ya mama. Mara mbili nilibadilishana zamu na mwenzangu, na mara ya tatu nilikatwa mshahara wa siku. Bwana Katibu alikwenda naye ofisini, na mara ya nne nikapewa. Lakini hilo lilikuwa fadhili kwangu peke yangu. Naomba tawi liandike katika madai yake kwamba mzazi mwenye barua ya kliniki apewe siku hiyo, baba kama mama. Bila ya hivyo, mtoto wa mtu wa genge atapimwa masikio siku ya mvua njia ikiwa imekatika.

Kijana wangu sasa ana miaka 4. Asema sentensi nzima, na maswali hayaishi. Reli bado aiita "leli", na tumeambiwa kwa umri wake hilo si la kutuhangaisha. Masikio yake twayapima tena kila akipata mafua makali. Anaposikia buti zangu mlangoni huja mbio kuniuliza leo tumeng'oa mataruma mangapi, na yapasa nimjibu kwa hesabu kamili.

Nimemaliza. Yule ndugu aliyeniuliza juzi pale karakana habari za binti yake, anione baada ya mkutano. Kitabu cha kliniki ninacho hapa mfukoni, na nitamwonyesha ukurasa wenyewe.