Meno Yetu Kati ya Futari na Daku

(Mazungumzo mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, wiki ya kwanza ya Ramadhan)



Najua wengi mlitarajia mada ya fadhila za kumi la kwanza. Mada yangu ni meno. Naona kuna wanaocheka hapo nyuma, na hata wewe unayesoma huenda unatabasamu. Tabasamu basi, tuyaone.

Mimi si daktari. Nasomea mambo ya biashara chuo kikuu, na kabla ya hapo nilikaa madrasa miaka mingi. Kilichonifanya nifuatilie habari za meno ni dadangu mdogo. Alipokuwa na miaka saba alianza kulalamika kuwa gego la chini linamuuma akinywa maji baridi. Nyumbani tukasema, "Ni jino la utoto hilo, litatoka lenyewe." Tukamtilia karafuu, maumivu yakatulia. Ramadhan ikaingia, ikatoka. Alipotimiza miaka minane shavu likavimba usiku, homa ikampanda, hakulala yeye wala mama. Daktari wa meno alipomtazama akauliza, "Mama, mlijua kuwa jino hili ni la ukubwani?" Mama akanyamaza. Likang'olewa, na hilo halioti tena.

Hapa wazazi wangu naomba mnisikize sana. Mtoto akifika miaka 6 hivi, magego manne ya ukubwani huota nyuma kabisa, baada ya yale ya utoto. Hayasukumi jino lolote litoke, hayaachi pengo, kwa hivyo mzazi hana habari nayo. Tena juu yana mifereji ambayo chakula hukwama ndani yake. Leo ukifika nyumbani mwite mwanao, mwambie afungue kinywa, uhesabu kuanzia katikati kwenda nyuma, na pengo nalo ulihesabu. Jino la sita ndilo hilo. Atakaa nalo mpaka uzeeni, inshallah, au atalipoteza kabla hajafika darasa la nne kama dadangu.

Na hata meno ya utoto, ambayo ni 20, si ya kupuuza. Yanayashikia nafasi yale yanayokuja, na magego yake mtoto huyatumia mpaka miaka 10 au 12. Usaha wa jino la utoto lililooza waweza kuharibu jino lililo chini yake.

Sasa, jino huozaje? Wazee wetu walisema lina mdudu. Hawakuwa mbali na ukweli, ila mdudu mwenyewe ni bakteria, haonekani kwa macho. Anaishi kwenye ukoga, ule utando unaousikia kwa ulimi ukiamka. Ukila sukari naye anakula, na anachotoa ni asidi. Asidi hiyo inalainisha ganda la juu la jino kwa muda wa karibu nusu saa kila unapokula. Baadaye mate huja yakaiosha na kulitengeneza ganda polepole. Kwa hivyo umeshaona hatari iko wapi. Kiasi cha sukari kina makosa yake, lakini linalomaliza meno hasa ni kula mara kwa mara, mate yakakosa nafasi ya kufanya kazi yao.

Haya, tuutazame usiku wetu wa Ramadhan. Adhana imelia, tende na shurubati. Tumeswali Maghribi, kaimati zilizoloa shira, tambi, uji wenye sukari. Tarawehe imekwisha, watoto wako nje ya msikiti na mabuyu na achari, midomo myekundu. Vijana tuko barazani, halua na soda. Saa tano chai ya maziwa. Halafu daku, na chai nyingine. Mtu anatia nia, anaswali Alfajiri, anarudi kulala na sukari yote ile kinywani. Na ukilala mate hupungua, na mchana wa saumu kinywa hukauka. Mwezi mzima hivyo, jino litasalimika kwa lipi?

Sisemi kaimati ziachwe, mamangu atanifukuza nyumbani. Ninachosema ni vitamu viliwe pamoja, wakati wa futari, kisha tunywe maji. Baada ya hapo mtu akisikia njaa ale kitu kisicho na sukari. Soda nayo tuitazame upya. Chupa ya mililita 300 ya soda nyingi huwa na sukari zaidi ya gramu 30, yaani vijiko vidogo saba au vinane. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kuwa ni bora sukari ya mtu mzima isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Chupa moja tu imeshapita. Na wale ndugu zangu wanaokesha na miraa, soda mkononi na chingamu mdomoni mpaka daku, wanajijua. Yale mazungumzo yataka siku yake.

Tuje kwenye mswaki. Twajua sote Mtume (s.a.w.) alivyoupenda, na imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba lau si kuchelea kuutia uzito umma wake angewaamrisha mswaki kwa kila swala. Sasa ajabu ni kuwa mwezi wa swala nyingi ndio mwezi ambao wengi wetu huweka mswaki chini, kwa kuogopa saumu. Tuliosoma madrasa twakumbuka kuwa katika madhehebu ya Shafii ni makuruhu kwa aliyefunga kupiga mswaki baada ya jua kupinduka. Makuruhu, si haramu, wala saumu haibatiliki. Na Imam Nawawi mwenyewe, naye ni Shafii, aliegemea kauli ya kuwa hapana ukaraha, na wako wanavyuoni walioruhusu mchana kutwa. Lakini hata ukishika kauli ya ukaraha, hiyo ni ya baada ya adhuhuri. Asubuhi haimo. Usiku haumo. Ni nani basi aliyetukataza kupiga mswaki kabla ya kulala, na baada ya daku kabla adhana haijalia? Ni uvivu wetu, tusiwasingizie mashekhe.

Mswaki wa mti ni mzuri, lakini wengi twausugua meno ya mbele tu tukiwa mlangoni mwa msikiti. Utafune ncha mpaka ilainike, uufikishe nyuma na upande wa ndani, na ncha ikichakaa uikate. Usiku tumia brashi laini na dawa ya meno yenye madini ya floraidi, dakika mbili, kwani floraidi ndiyo inayolipa ganda nguvu. Ukimaliza tema, wala usisukutue kwa maji mengi ukaiosha dawa yote. Mtoto wa chini ya miaka 3 atosha dawa kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 mpaka 6 kiasi cha punje ya mbaazi. Usimzidishie. Wenzetu wa Nakuru na Naivasha, maji mengi ya ardhini kule yana floraidi kupita kiasi, na meno ya watoto hutoka na madoa ya kahawia. Na mtoto apigishwe mswaki na mkubwa mpaka afike miaka saba au minane, mkono wake mwenyewe bado haujui. Chupa ya maziwa au juisi asilale nayo.

Nimewasema watoto sana, na sisi wakubwa je? Ugonjwa wetu mkubwa uko kwenye ufizi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima Kenya wanatoka damu kwenye ufizi. Ukitema ukaona damu, usiache mswaki, hapo ndipo wengi hukosea. Damu inatoka kwa sababu ukoga umekaa pale ufizi unapokutana na jino, na ukiusafisha vizuri kila siku kwa wiki moja au mbili mara nyingi hukoma. Ukiuacha unakuwa mgumu kama jiwe, na hilo jiwe haliondoki kwa brashi wala kwa mkaa, ni daktari wa kulikwangua. Likiendelea, mfupa unaoshika jino unalika chini kwa chini bila maumivu, mpaka siku unauma mahindi jino linacheza. Mwenye kisukari awe macho zaidi, kwani sukari ya damu ikiwa juu ufizi huharibika upesi, na ufizi mbovu nao huipandisha sukari. Mvutaji sigara hata hiyo damu huenda asiione, tumbaku humficha.

Mzee mmoja aliuliza tulipomaliza, je, dawa ya meno mchana inafunguza? Nilimjibu niliyofundishwa, kuwa isipomezwa saumu haibatiliki, lakini ladha yake ni kali na mtu aweza kuteleza, kwa hivyo ni salama zaidi kuitumia usiku. Akitaka zaidi amuulize shekhe wake.

Dadangu sasa ana miaka kumi. Tukirudi tarawehe twasimama naye karoni, mimi na brashi yangu na yeye na yake. Akimaliza hunifungulia kinywa nimhesabie yale magego ya nyuma. Yako matatu.