Pektini katika Mazao ya Gusii: Gundi ya Mmea na Matumizi Yake

Kila seli ya mmea imezungukwa na ukuta wa selulosi, na kati ya ukuta wa seli moja na ule wa jirani yake upo utando mwembamba uitwao lamela ya kati, ambao huzishikanisha seli hizo kama udongo unavyoshikanisha mawe ya nyumba. Gundi iliyomo katika utando huo, na ambayo pia imejipenyeza katika ukuta wenyewe, ndiyo pektini. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuganda, nalo liliingia katika kemia mwaka 1825 kutokana na uchunguzi wa Mfaransa Henri Braconnot.

Kikemia, pektini ni mnyororo mrefu wa molekuli za asidi ya galakturoni, ambayo ni jamaa ya sukari. Baadhi ya molekuli hizo zimebeba vikundi vidogo viitwavyo methili, na tabia ya pektini hutegemea sana wingi wa vikundi hivyo. Zaidi ya nusu ya molekuli zikiwa navyo, pektini huganda palipo na sukari nyingi na asidi ya kutosha. Zikiwa pungufu ya nusu, haihitaji sukari bali kalisiamu, ambayo hujipachika kati ya mnyororo na mnyororo na kuifunga pamoja kama vifungo vya shati. Maarifa haya mawili, yaani nguvu ya sukari na asidi kwa upande mmoja na nguvu ya kalisiamu kwa upande mwingine, yanatosha kueleza mengi yanayotokea katika mashamba na majiko ya Itumbe na ya eneo zima la Gusii, kusini-magharibi mwa Kenya, ambako pektini haitajwi kwa jina lakini hushughulikiwa kila siku.

Chai, zao ambalo kiwanda cha Itumbe kimejengwa kwa ajili yake, inahusika kidogo tu. Mahali panapostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni tangi la kahawa. Kahawa imelimwa na wakulima wa Gusii tangu miaka ya 1930, na hadi leo namna ya kuiosha inategemea kuvunjwa kwa pektini. Mashine ikishaondoa ganda jekundu, punje hubaki zimevikwa ute mzito unaoteleza, ambao hautoki hata ukimiminiwa maji mengi kiasi gani, kwa kuwa pektini yake imeng'ang'ania ganda la ndani. Punje hizo huachwa ndani ya tangi, ambamo hamira na bakteria waliotoka shambani pamoja na tunda hula sukari ya ute na kutoa vimeng'enya viitwavyo pektinasi, ambavyo huikata minyororo ya pektini vipande vipande hadi ikaweza kuyeyuka. Kazi hiyo huweza kuchukua saa 12 mahali penye joto, na zaidi ya siku nzima katika baridi ya usiku wa nyanda za juu. Kwa hiyo ratiba iliyonakiliwa kutoka eneo jingine haiwezi kufuatwa kama amri. Mfanyakazi mzoefu haangalii saa. Huchota punje kiganjani, akazisugua ndani ya maji, na zikikwaruza kama changarawe badala ya kuponyoka kama samaki, hujua kwamba pektini imekwisha kukatika na kwamba maji ya kuoshea yafunguliwe. Akichelewa, uchachukaji huendelea kwenye punje zenyewe na kahawa huharibika ladha, kasoro ambayo haiondoki hata ikikaushwa vizuri namna gani.

Maji yanayotoka katika tangi hilo yana jambo lake. Pektini iliyoyeyuka husafiri nayo, na asidi ya uchachukaji inapozidi, hujitenga upya na kuelea juu kama gamba zito la rangi ya udongo. Gamba hilo likiachwa lifike mtoni, bakteria wanaolila humaliza oksijeni iliyomo majini. Ndiyo sababu mashimo ya kutuliza maji hayo yanapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya kiwanda cha kahawa tangu siku ya kuchorwa ramani, wala si nyongeza ya kufikiriwa baadaye mto unapoanza kunuka.

Sufuria ya maharagwe inaonyesha upande wa pili, ule wa kalisiamu. Maharagwe mapya huiva upesi kwa sababu pektini iliyo kati ya seli zake huyeyuka katika maji ya moto, na seli zikaachana. Yakihifadhiwa kwa miezi mingi mahali penye joto na unyevu, fitati, ambayo ni ghala la fosforasi la mbegu, huvunjika polepole na kuachilia kalisiamu na magnesi, ambazo huhamia kwenye lamela ya kati na kuifunga pektini isiyeyuke tena. Wanasayansi wengi huliona jambo hili kuwa sababu kubwa ya maharagwe kuwa magumu, ingawa si ya pekee. Hapo mpishi huweza kuteketeza kuni asubuhi nzima na bado punje zikabaki kama kokoto. Dawa inayojulikana ni kijiko cha magadi, au maji yaliyochujwa kwenye majivu. Sodiamu iliyomo katika magadi hushika nafasi ya kalisiamu, na ukali wake wa kibesi huikata minyororo ya pektini, ila huharibu pia sehemu ya vitamini B1, hivyo ni busara kuyatia kwa kipimo na kuyaloweka maharagwe kwanza. Kwa hoja hiyohiyo hueleweka kwa nini nyanya hutiwa baada ya maharagwe kuiva: asidi yake huiimarisha pektini, na punje zilizokutana nayo mapema huchelewa kulainika. Mama wa jikoni walilijua hilo kabla ya maabara yoyote, na hapa sayansi imekuja kuthibitisha zaidi kuliko kufundisha.

Katika matunda, pektini hubadilika kadiri tunda linavyoiva. Ndizi mbichi ina pektini isiyoyeyuka, nayo ni mojawapo ya vitu vinavyoipa ugumu. Gesi ya ethilini ambayo tunda hujitolea lenyewe huamsha vimeng'enya vinavyoilegeza, na ndiyo maana mkungu uliofunikwa pamoja na matunda yaliyokwisha kuiva huwahi kuiva. Anayetengeneza jemu huhitaji kinyume cha ulegevu huo. Pektini ya kawaida ya matunda huganda sukari inapofikia kama asilimia 65 ya mchanganyiko na kipimo cha pH kikiwa karibu na 3, na matunda hayafanani kwa wingi wake: mapera, ambayo miti yake huota yenyewe kwenye nyua nyingi, yana pektini tele hasa kabla ya kuiva sana, ilhali nanasi linayo kidogo mno. Jemu ya nanasi inayokataa kuganda haiponi kwa kuongezwa sukari, kama wengi wanavyojaribu, bali kwa kuchanganywa na maji ya mapera yaliyochemshwa na kuchujwa, pamoja na limau kwa ajili ya asidi.

Hadi hapa pektini imetumika ikiwa ndani ya zao lenyewe. Viwandani huchotwa ikawa unga, unaotiwa katika jemu, maziwa ya mtindi, peremende na dawa, na ambao kwenye vibandiko vya vyakula huandikwa E440. Vyanzo vikuu ni maganda ya machungwa na ndimu na makapi ya tufaha. Maganda ya karakara, au pasheni kama wengi waitavyo, nayo yana pektini ya kutosha. Maganda huchemshwa katika maji yenye asidi, yakakamuliwa na kuchujwa, kisha pombe kali humiminwa ndani ya maji hayo na pektini ikajitenga kama nyuzi za ute, ambazo hukaushwa na kusagwa.

Wazo la kujenga kiwanda cha namna hiyo Gusii linavutia, lakini hesabu yake ni ngumu. Iwapo maganda mabichi ni maji kwa sehemu nane kati ya kumi, kilo 100 zake hubaki kilo 20 zikikauka, na pektini ikiwa sehemu moja ya kumi ya hizo, mavuno ni kilo mbili tu, baada ya kulipia kuni, asidi na pombe ambayo ni lazima ikenekwe upya kila mara. Zaidi ya hayo, maganda yanayolala usiku mmoja yakiwa mabichi huanza kupoteza ubora, kwa kuwa vimeng'enya vyake haviungoji mtambo. Denmark, nchi isiyolima machungwa, ina kiwanda kikubwa cha pektini huko Lille Skensved kinachotumia maganda yaliyokaushwa na kusafirishwa kutoka mbali. Maganda makavu, basi, ni bidhaa inayojitegemea, na hatua inayowezekana kwa vikundi vya wakulima wa Itumbe wanaokamua maji ya matunda ni kuyakatakata maganda siku ileile, kuyatia kwa dakika chache katika maji yanayochemka ili kuua vimeng'enya, na kuyaanika juu ya vichanja kama vile vinavyoanikiwa kahawa.