Miembe ya Katumba na Barua ya Yeremia
(Mada iliyowasilishwa katika semina ya makatekista, wainjilisti na viongozi wa vijana, Mpanda)

  

Waandaaji walinipa kichwa kirefu: unabii wa Biblia uliotimia kama sababu ya imani ya Kikristo. Nilipokisoma nilikumbuka vijitabu tulivyogawiwa ujanani, vyenye mistari mia tatu na kitu, kila mstari na mahali ulipotimia. Tulikariri. Tukaenda kuhubiri stendi, na kijana mmoja muuza vocha akatuuliza swali moja tu: mnajuaje kwamba hayakuandikwa baada ya mambo kutokea? Tulimwombea, tukaondoka. Leo nataka kumjibu yule kijana, ingawa nimechelewa miaka mingi.

Nianze na ramli, maana watu wetu wanaujua utabiri wa ramli kabla hawajamjua Isaya. Hapa kwetu watabiri hawajawahi kuadimika. Jina lenyewe la mkoa linahusishwa na mzimu wa mwindaji, na kando ya Ziwa Katavi, ndani ya hifadhi, upo mkwaju ambao watu wameupelekea sadaka kizazi hadi kizazi. Siku hizi mkwaju umepata washindani, nao wana vipaza sauti. Ukienda kwa mpiga ramli atakuambia yupo mtu wa karibu anayekuonea wivu. Nani hana? Binamu yangu aliambiwa na nabii mmoja kwamba mlango wake utafunguka kabla ya mwaka kuisha. Akapata kibarua cha wiki mbili, akatoa ushuhuda madhabahuni. Asingekipata, angeambiwa imani yake ni haba. Utabiri wa namna hii haukosei kamwe, na hapo ndipo penye kasoro yake: haujasema kitu kinachoweza kukosewa.

Biblia inatoa kipimo kigumu zaidi. Kumbukumbu la Torati 18:21–22 inasema nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitokee, basi alinena kwa kujikinai, wala asiogopwe. Angalieni ujasiri wa kitabu kinachowapa wasomaji wake rula ya kukipimia. Huko Kanungu, Uganda, watu waliambiwa dunia ingeisha mwaka 1999 utakapokwisha. Haikuisha. Kwa kipimo cha Torati, tarehe 1 Januari 2000 kila mtu alitakiwa kuchukua mkeka wake na kurudi nyumbani. Walibaki, na tarehe 17 Machi mamia waliteketea kwa moto. Shakahola, kule Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao watu waliokufa njaa wakimngoja Bwana. Kwa hiyo nikisema kwamba unabii uliotimia ni sababu ya kuamini, kwanza nasema kwamba unabii usiotimia ni sababu ya kuondoka.

Sasa twende kwa Yeremia, nami nitakaa naye muda mrefu, kwa sababu yeye ndiye nabii wa Mpanda.

Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadreza, mfalme wa Babeli, alichukua kundi la kwanza kubwa la Wayahudi, pamoja na mfalme wao kijana, akawapeleka Babeli. Miaka michache baadaye alisimama hekaluni nabii mmoja, Hanania, akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili mateka wote na vyombo vya hekalu vitarudi. Watu walifurahi. Yeremia mwenyewe aliitikia amina. Alitamani iwe hivyo. Lakini barua aliyoipeleka kwa wale walioko uhamishoni, mnaikuta sura ya 29, ilikuwa na ujumbe mchungu: jengeni nyumba, limeni bustani, ozesheni watoto wenu, uombeeni amani mji mliopelekwa, kwa maana itapita miaka sabini. Shemaya, aliyekuwa huko Babeli, aliisoma akakasirika hata akaandika Yerusalemu akitaka Yeremia afungwe mkatale.

Ndugu zangu wa Katumba na Mishamo mnaijua barua hii kuliko mimi. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliletwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, kisha Katumba mwaka 1973, na Mishamo ikafunguliwa mwaka 1978. Mzee mmoja wa Katumba aliwahi kunisimulia jinsi walivyokuwa miaka ile ya mwanzo. Kila msimu alitokea mtu mwenye habari: mavuno yakipita tunarudi. Waliopanda mahindi walionekana wana akili. Aliyepanda mwembe alichekwa, kwa sababu mwembe unasubiriwa, na anayesubiri hapa amekata tamaa ya kule. Nikamuuliza, wewe ulimwamini nani? Akacheka. “Tulimpenda aliyesema karibuni,” akasema. Serikali ilipotoa vyeti vya uraia mwaka 2014 kwa zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo matatu, ilikuwa imepita miaka 42.

Kwa hiyo tunajua jambo moja kuhusu soko la unabii: Hanania ndiye anayeuza. Yeremia hakupata faida yoyote kwa kusema sabini. Mfalme Yehoyakimu alikuwa ameshalikata gombo lake kwa kisu na kulichoma kipande kwa kipande. Yeremia alipigwa, akatupwa kisimani penye matope. Anayetunga utabiri ili apendwe hatungi huu. Na anayeutunga baadaye, akiwa tayari anajua mambo yalivyokwenda, angetunga vizuri zaidi, na hapa ndipo ninapomjibu muuza vocha. Babeli ilianguka mikononi mwa Koreshi, mfalme wa Uajemi, mwaka 539. Hesabuni kutoka 597: miaka 58. Mghushi angeandika hamsini na nane, au sitini akiwa mvivu. Sabini haikai sawasawa mahali ambapo mghushi angeiweka. Ila barua inaizungumzia miaka sabini ya Babeli, yaani ya utawala wake, na tangu mabaki ya Ashuru yaliposhindwa mwaka 609 mpaka 539 ni sabini kamili. Wengine huhesabu tangu hekalu lilipochomwa mwaka 586 hadi lilipokamilika tena mwaka 516, nayo ni sabini. Mimi nashika hesabu ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayofuata maneno ya barua.

Koreshi aliwaruhusu warudi. Wengi hawakurudi, walikuwa na nyumba, na miti yao ilikuwa inazaa. Katumba haiwezi kushangaa.

Hapa niseme kidogo juu ya mwaka 1879. Mwaka huo Mbelgiji aitwaye Cambier alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mbali kidogo na hapa tulipoketi, akaanzisha kituo cha chama cha Mfalme Leopold. Mwaka huohuo, katika magofu ya Babeli, wachimbaji wa Hormuzd Rassam walifukua mcheduara wa udongo uliochomwa, wenye maandishi ya Koreshi mwenyewe akijisifu kwamba aliwarudisha watu makwao na miungu kwenye mahekalu yao. Uko London sasa, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Wayahudi hawatajwi humo, nawaomba msiende kuhubiri kwamba wametajwa. Unaonyesha kwamba habari ya kitabu cha Ezra inalingana na siasa ya mfalme yule, na hilo linatosha.

Kuna mengine ambayo ningewashauri myashike kwa mkono mwepesi. Isaya 44 na 45 zinamtaja Koreshi kwa jina, lakini wataalamu wengi wanaziweka sura hizo katika zama za Koreshi mwenyewe, na msikilizaji msomi atawabana hapo. Ezekieli juu ya Tiro ni unabii wenye nguvu: mawe na vumbi kutupwa majini, na kweli Aleksanda mwaka 332 aliubomoa mji wa bara akatumia kifusi chake kujenga njia baharini hadi kisiwani. Lakini Tiro bado ni mji wa watu huko Lebanoni, na Ezekieli 29 yenyewe inakiri kwamba Nebukadreza hakupata ujira wake pale. Semeni yote mawili. Punda wa Zekaria 9 hana uzito wa ushahidi kabisa: Yesu aliijua aya, akawatuma wanafunzi wake walete punda. Aliitimiza kwa makusudi, kama tangazo. Tangazo ni zuri, ila halimshawishi muuza vocha.

Isaya 53 ni habari nyingine. Mtumishi anadharauliwa, ananyamaza kama kondoo, anauawa kwa makosa ya watu wake, anazikwa, na baada ya hapo anaona uzao na siku nyingi. Kuanzia mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui walitoa magombo kwenye mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, na mojawapo ni gombo zima la Isaya, refu zaidi ya mita saba, lililonakiliwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo. Sura ya 53 imo. Kwa swali la “labda Wakristo waliiandika” jibu liko kwenye ngozi. Swali linalobaki ni lingine, na ni la haki: Wayahudi wengi husoma mtumishi huyo kuwa ni Israeli, na Isaya 49:3 inawapa sababu. Nawajibu hivi: 53:8 inasema aliuawa kwa ajili ya makosa ya watu wangu, na mstari wa 9 kwamba hakukuwa na hila kinywani mwake. Isaya hakuwahi kuwasifu Israeli hivyo. Sura ya kwanza tu inatosha kuona alivyowasema. Towashi wa Kushi, Mwafrika mwenzetu, aliuliza jambo hilohilo garini katika Matendo 8: nabii anamsema nani? Swali letu kuu kuhusu sura hii liliulizwa kwanza na mtu wa bara hili.

Na gombo lile lina neno jingine, ambalo vijitabu vyetu vililipita haraka. Sura ya 49:6 inamwambia mtumishi kwamba kuwainua Israeli tu ni kazi ndogo. Atakuwa nuru ya mataifa hadi miisho ya dunia. Lifikirieni kama utabiri. Taifa dogo lililoshindwa na kutawanywa linasema Mungu wake ataabudiwa na watu ambao hata majina yao halijui. Miungu ya Wababeli, walioshinda, nani anaiomba leo Inyonga au Mlele? Marduki, mungu wao mkuu, hana hata kigango kimoja.

Najua pingamizi: wamisionari walisoma aya, wakapanda meli, wakaitimiza, kama punda. Lina ukweli. Karema ilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika mwaka 1885, na mikono iliyoikabidhi haikuwa safi. Lakini mmisionari anaweza kuleta kengele, hawezi kuamuru moyo. Mwaka 1889 alifika Karema Adrian Atiman, aliyeibwa utotoni katika nchi ya Mali ya leo, akauzwa, akakombolewa, akasomea udaktari Malta. Alitibu watu na kufundisha dini pale mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtumwa aliyekombolewa akiwatangazia watu wa ziwani uhuru wa wafungwa wa Isaya 61: hilo halikupangwa na Leopold. Nami nawaangalia ninyi mlioketi hapa, Wabende, Wapimbwe, Wafipa, Wasukuma, Waha, Warundi, na naona kwamba mimi na ninyi tumo ndani ya 49:6. Muuza vocha naye, akiwa amebatizwa siku hizi, yumo.

Kazi ya makundi kabla ya chai: someni Yeremia 28 na 29 kama watu wa mwaka ule, ambao hawajui mwisho. Mngemwamini nani, na kwa sababu gani isipokuwa kumpenda? Kundi la Katumba likae karibu na dirisha, na wazee waanze kusema.